Ngumi za Machi, 1963

Matokeo ya ngumi za kulipwa huandikwa kwa maneno machache mno. Jina la mshindi hutangulia, la mshindwa hufuata, kisha raundi na namna ya ushindi, basi. Mwezi mzima wa jasho na damu huweza kukaa katika nusu ukurasa, umepangwa kwa madaraja ya uzito kama bidhaa ghalani. Mwezi wa Machi wa mwaka 1963 uliandikwa hivyo hivyo.

Madaraja hayo yana asili ya haki. Zamani, Uingereza, mtu mwembamba aliweza kukutanishwa na jitu, na hapakuwa na wa kumwonea huruma. Mwaka 1909 klabu ya National Sporting ya London iliweka madaraja manane, kila moja na kikomo chake cha ratili, ili wapiganao walingane. Tangu hapo mizani ikawa hakimu wa kwanza wa mchezo. Bondia hupimwa kabla ya kupigana, na akizidi haruhusiwi kuwania ubingwa wa daraja lake.

Daraja la uzito wa juu peke yake halina kikomo, na watu hulitazama kwa hofu kuliko mengine. Tarehe 13 Machi, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kijana Cassius Clay, aliyekuja kuitwa Muhammad Ali, alipigana na Doug Jones wa Harlem. Clay alikuwa na umri wa miaka 21 na hajapata kushindwa. Alikuwa mzito kuliko mwenzake kwa zaidi ya ratili 14, tofauti ambayo katika madaraja ya chini isingekubaliwa. Clay alikuwa ametabiri kummaliza Jones mapema, lakini Jones alisimama mpaka raundi ya 10 na ya mwisho. Waamuzi walimpa Clay ushindi kwa pointi, na ukumbi uliojaa ukamzomea. Magazeti makubwa ya mji huo yalikuwa katika mgomo tangu Desemba. Mabondia wote wawili walirudi kwao salama.

Siku nane baadaye, tarehe 21 Machi, mapambano matatu ya ubingwa wa dunia yaliwekwa usiku mmoja katika uwanja wa Dodger Stadium, Los Angeles, baada ya mvua kuyaahirisha. Waliohudhuria walikuwa 26,142. Katika daraja la kati ya wepesi na welta, lenye kikomo cha ratili 140, Roberto Cruz wa Ufilipino alimwangusha Raymundo Torres wa Meksiko katika raundi ya kwanza. Daraja hilo halikuwa katika yale manane ya London, na wengi wakati huo walilihesabu kuwa la kujaziliza.

Pambano la welta, ratili 147, lilikuwa la watu wenye kumbukumbu nzito. Emile Griffith, bingwa, mzaliwa wa Visiwa vya Virgin, alikuwa amempiga Benny Paret wa Kuba mwaka mmoja kasoro siku tatu kabla ya usiku huo. Paret alinaswa pembeni mwa ulingo katika raundi ya 12, hakuzinduka tena, akafa tarehe 3 Aprili 1962. Sasa Griffith alikabiliwa na Mkuba mwingine, Luis Rodríguez. Rodríguez alishinda kwa pointi baada ya raundi 15, akachukua ubingwa.

Limesalia daraja la unyoya, ratili 126. Bingwa alikuwa Davey Moore wa Springfield, Ohio, mwenye miaka 29, mke na watoto watano. Ubingwa huo aliupata katika mji huo huo wa Los Angeles tarehe 18 Machi 1959, kutoka kwa Mnigeria Hogan Bassey, mzaliwa wa Calabar. Bassey hakuendelea baada ya raundi ya 13. Mpinzani wa Moore mwaka 1963 alikuwa Sugar Ramos, kijana wa miaka 21 kutoka Matanzas, aliyehamia Meksiko baada ya serikali ya Kuba kupiga marufuku ngumi za kulipwa. Ramos naye alikuwa na mzigo wake: mwaka 1958, angali mtoto wa miaka 16, alipigana na José Blanco, na Blanco akafa.

Katika raundi ya 10 Moore alianguka chali, shingo yake ikapiga kamba ya chini ya ulingo. Aliinuka akaimaliza raundi, lakini meneja wake, Willie Ketchum, hakumruhusu kuendelea. Ushindi ukaandikwa wa Ramos. Moore aliketi katika chumba cha kubadilia nguo, akazungumza na waandishi kwa akili timamu, akasema atarudiana na Ramos. Kisha alilalamika kuumwa na kichwa, akapoteza fahamu. Alikufa tarehe 25 Machi.

Gavana wa California, Pat Brown, alitaka ngumi za kulipwa zikomeshwe. Hazikukomeshwa. Kilichobadilika ni ulingo: kamba ya nne, na kamba zilizofunikwa na kulegezwa ili zisiwe kama chuma.

Hapo ndipo upungufu wa jedwali unapoonekana. Mstari wa Moore na Bassey wa 1959 na mstari wa Ramos na Moore wa 1963 unafanana kwa kila kitu ila majina na raundi: bingwa hakuinuka kitini. Bassey alirudi Nigeria, akaishi mpaka mwaka 1998. Mizani nayo ilitimiza kazi yake yote, kwani Moore na Ramos walipimwa wakaonekana sawa. Hakuna aliyefikiri kuipima kamba.

Griffith alimshinda Rodríguez tarehe 8 Juni mwaka ule ule. Cruz alipokonywa ubingwa wiki moja baadaye mjini Manila na Eddie Perkins. Ramos aliupoteza wake kwa Vicente Saldívar mwezi Septemba 1964. Mwaka 2013 sanamu ya shaba ya Davey Moore ilizinduliwa Springfield, na miongoni mwa wageni, pamoja na mjane wake Geraldine, alikuwapo Sugar Ramos.