Saa ya Kabati Msikitini: Je, Ni Dalili ya Wakati?

Mwenyezi Mungu (S.W.) ameifanya Sala kuwa faradhi yenye nyakati maalumu (An-Nisaa, 4:103), na kuingia kwa wakati ni miongoni mwa masharti ya kusihi kwake. Ndiyo maana misikiti mikubwa ilikuwa na muwaqqit, yaani mjuzi wa nyakati. Ibn al-Shatir aliifanya kazi hiyo katika Msikiti wa Umayya, Damascus, karne ya 14.

Katika karne ya 18 mafundi wa London, akiwemo George Prior, walitengeneza saa kwa ajili ya Dola ya Uthmaniya, zikiwa na tarakimu za Kituruki. Kati yake zilikuwemo saa ndefu za kabati, na nyingine zikawekwa misikitini. Waturuki walihesabu saa tangu kuchwa kwa jua, sawa na sisi tunavyoanza saa za usiku. Kwa kuwa jua halichwi wakati mmoja mwaka mzima, saa ililazimu kurekebishwa mara kwa mara. Hesabu hiyo iliachwa rasmi Uturuki mwaka 1926.

Sasa tutazame hali ya saa yenyewe. Huendeshwa na vizito vinavyoteremka, na mwendo wake hupimwa na pendulamu yenye urefu wa takriban sentimita 99. Mvuto wa ardhi Istanbul ni mdogo kidogo kuliko London. Basi saa iliyosawazishwa London, ikifika Istanbul bila kurekebishwa, huchelewa kiasi cha sekunde 40 kwa siku, yaani dakika 20 kwa mwezi! Joto nalo hurefusha pendulamu, na mafuta yakikauka saa husimama.

Hapa ndipo fiqhi inapoingia. Anayefuata saa iliyochelewa huweza kula daku hali alfajiri imekwishaingia, na anayefuata inayokimbia huweza kusali kabla ya wakati. Katika madhehebu ya Imam Shafii, aliyejitahidi kuutafuta wakati, kisha akayakinisha kuwa alisali kabla haujaingia, hulipa Sala hiyo. Na aliyekula akidhani bado usiku, kisha ikabainika kuwa kumekwishapambazuka, hulipa saumu yake.

Saa, basi, ni msaidizi tu. Dalili ya asili ni jua na alfajiri. Maimamu wenzetu, tuzikague saa za misikiti yetu kabla ya kuadhini, kwani makosa ya saa moja hubebwa na jamaa nzima.

Wallahu Aalam.