Alice Herz-Sommer: Piano Haikuwa Ngao

Alice Herz-Sommer alifariki London tarehe 23 Februari 2014 akiwa na umri wa miaka 110. Wakati huo alitajwa kuwa ndiye mkongwe kuliko wote miongoni mwa Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Wiki moja baadaye filamu fupi ya hali halisi kuhusu maisha yake ilishinda tuzo ya Oscar, na sifa zake zikaenea kama za bibi mchangamfu aliyeokolewa na muziki. Muziki ulimpa moyo, hilo halina shaka. Lakini nani angeishi na nani angekufa ni jambo lililoamuliwa kwingine: kwenye orodha za majina, kwenye mipaka, na kwenye treni zilizoelekea mashariki.

Alizaliwa Prague tarehe 26 Novemba 1903, yeye na pacha wake Mariana, mji huo ukiwa bado chini ya milki ya Austria na Hungaria. Familia yao ilizungumza Kijerumani, na Franz Kafka alikuwa miongoni mwa wageni wa nyumba hiyo. Alianza kufundishwa piano na dada yake mkubwa, Irma, kisha akaendelea kwa Conrad Ansorge, mwanafunzi wa zamani wa Franz Liszt. Mwaka 1931 aliolewa na Leopold Sommer, mfanyabiashara aliyependa kupiga fidla. Mtoto wao wa pekee, Stephan, alizaliwa mwaka 1937.

Machi 1939 jeshi la Ujerumani liliingia Prague. Dada zake walikimbilia Palestina, kama alivyofanya Max Brod, rafiki wa Kafka aliyeokoa miswada yake. Alice alibaki kwa sababu mama yao, Sofie, alikuwa mgonjwa na hangeiweza safari. Marufuku zikafuatana: Wayahudi wasipande majukwaani, wasitembee usiku, na kuanzia Septemba 1941 wavae nyota ya njano. Mwaka 1942 Sofie alichukuliwa akiwa na miaka 72, asirudi tena. Katika majonzi hayo Alice alijitwika kazi ya kujifunza etude zote 24 za Chopin, vipande vinavyowatoa jasho hata wapigaji waliobobea.

Julai 1943 ilikuwa zamu yake, pamoja na mume na mtoto. Walipelekwa Terezín, mji wa ngome kaskazini mwa Prague uliogeuzwa geto na kituo cha kupitishia mateka. Wayahudi zaidi ya 140,000 waliingizwa humo. Takriban 33,000 walifia humo humo kwa njaa na maradhi, na karibu 88,000 walisafirishwa kwenda Auschwitz na kambi nyingine za mauaji.

Humo Alice alipiga piano katika maonyesho zaidi ya 100, na Stephan mdogo akaimba katika Brundibár, opera ya watoto iliyotungwa na Hans Krása. Kwa wafungwa, jioni moja ya Beethoven au Chopin ilikuwa chakula cha roho. Kwa Wanazi ilikuwa pazia. Wajumbe wa Msalaba Mwekundu walipokuja Juni 1944, nyumba zilikuwa zimepakwa rangi, watoto wakawaimbia, na maelfu ya wafungwa walikuwa wamekwishapelekwa Auschwitz ili msongamano usionekane.

Miezi michache baadaye pazia hilo halikuhitajika tena. Septemba 1944 Leopold aliwekwa kwenye treni. Kabla ya kuondoka alimsihi mkewe asijitolee kwa lolote. Baadaye wanawake waliambiwa kwamba wanaweza kuwafuata waume zao. Alice aliukumbuka wosia, akakaa. Leopold alifia Dachau mwaka 1945. Katika treni ya tarehe 16 Oktoba 1944 walikuwemo watunzi Krása, Viktor Ullmann, Pavel Haas na Gideon Klein. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi.

Alice na Stephan waliachiwa huru Mei 1945, wakarejea Prague na kukuta nyumba yao ina watu wengine. Mwaka 1949, Wakomunisti wakiwa wamekwishashika dola, walihamia Israeli. Stephan akaitwa Raphael, akakua kuwa mpiga selo. Mama alifundisha piano Jerusalem hadi mwaka 1986, alipomfuata mwanawe Uingereza. Raphael alifariki ghafla mwaka 2001; mama yake, aliyekuwa na miaka 97, aliendelea kufanya mazoezi ya piano kila siku.

Kumkumbuka Alice ni haki yake. Lakini tukisema kwamba muziki ndio uliomwokoa, itabidi tueleze kwa nini haukumwokoa Krása, aliyeutunga wimbo alioimba mtoto wa Alice, wala Ullmann, aliyeendelea kutunga ndani ya geto hadi siku zake za mwisho huko. Vipaji vyao havikupungukiwa na kitu. Majina yao yalikuwa kwenye orodha.