Dharura za fedha vyuoni: Milango ya kubishwa Thika na Ruiru

MWANAFUNZI wa chuo anapofiwa na mzazi aliyekuwa akimlipia karo, au anapolazwa hospitalini wiki mbili kabla ya mtihani, shida yake si kwamba nchi haina mipango ya misaada. Mipango ipo, tena mingi. Shida ni kwamba karibu yote ilibuniwa kwa ajili ya karo, hutolewa kwa ratiba ya afisi, na fedha zake aghalabu huingia moja kwa moja katika akaunti ya chuo. Dharura haina ratiba, na hudai fedha mkononi: nauli ya kwenda mazishini, chakula, dawa, kodi ya chumba.

Pengo hilo huonekana wazi katika ukanda wa Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Thika ni makao ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya (MKU), Chuo Kikuu cha Gretsa, tawi la Chuo cha Mafunzo ya Udaktari (KMTC) na taasisi kongwe ya kiufundi. Ruiru kuna Chuo Kikuu cha Zetech. Katikati ya miji hiyo miwili, pale Juja, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), na ukivuka Ruiru kuelekea Nairobi unafika Kahawa, kwenye Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wanafunzi wengi wa vyuo hivi hawalali katika mabweni ya chuo bali hupanga vyumba mitaani, na mwenye nyumba hangojei mkopo wa serikali uingie.

Msaada unaojulikana zaidi ni wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Riba yake ya asilimia 4 kwa mwaka ni nafuu isiyopatikana kwingineko. Hata hivyo, mkopo wake huombwa katika kipindi maalumu, hugawanywa kwa mihula, na sehemu ya karo hutumwa chuoni. Sehemu ya matumizi pekee ndiyo humfikia mwanafunzi.

Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia. Katika viwango vilivyochapishwa, familia ya kundi la kwanza ilitakiwa kuchangia asilimia 5 ya gharama ya masomo, na ya kundi la tano asilimia 40. Mahakama Kuu iliubatilisha mfumo huo Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo mwaka 2025. Kwa mwanafunzi aliyepatwa na dharura, jambo la kuzingatia ni kwamba kundi hupangwa kwa hali ya familia siku ya kutuma maombi. Baba akifariki au akifutwa kazi baadaye, kompyuta haijui. Mwanafunzi mwenyewe ndiye apaswaye kukata rufaa na kuambatisha ushahidi, kama vile cheti cha kifo au barua ya kuachishwa kazi.

Isitoshe, mfumo huo uliwatengea ufadhili usiolipwa wanafunzi wa vyuo vya umma. Waliojiunga na vyuo vikuu vya kibinafsi, kama vile MKU na Zetech, waliachiwa mkopo pekee. Hivyo wanafunzi wawili wanaopanga nyumba moja Juja, mmoja wa JKUAT na mwenzake anayesafiri kila siku hadi Thika, wanaweza kupatwa na msiba sawa ilhali milango iliyo wazi kwao si sawa.

Baada ya HELB wengi hukimbilia basari ya eneobunge. Thika Mjini, Juja na Ruiru kila moja ni eneobunge lenye afisi yake, lakini mwanafunzi huomba katika eneobunge la nyumbani kwao, si la chuo. Aliyetoka Kitui au Busia hana budi kutuma fomu huko, ipigwe mihuri ya chuo na ya chifu, kisha asubiri kamati iketi. Hundi huandikwa kwa jina la chuo. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria ya hazina hiyo, NG-CDF, inakiuka Katiba, na ikaamuru shughuli zake zikome Juni 30, 2026, rufaa ikafuata. Basari za kaunti nazo ziliyumba Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti alipotoa waraka wa kuzizuia hadi kuwe na makubaliano na serikali ya kitaifa, suala ambalo pia lilifika mahakamani. Kabla ya kuitegemea hazina yoyote kati ya hizi, ni vyema kuuliza kwanza iwapo inapokea maombi.

Chukua mfano wa msichana wa mwaka wa pili ambaye babake, kibarua wa kiwandani Thika, amefariki Februari. Basari ikitoka, huenda ikatoka muhula umekwisha. Mlango unaoweza kufunguka wiki hiyo hiyo ni ule ambao wanafunzi wengi huuona wa wakosaji na wagonjwa tu: afisi ya mkuu wa maslahi ya wanafunzi. Afisi hiyo haina mamilioni. Kilicho na thamani kwake ni barua. Kwa barua yake, idara ya fedha inaweza kukubali karo ilipwe kwa awamu, msajili anaweza kuruhusu mtihani maalumu, na mhadhiri anayedai kazi ya darasa anapata sababu ya kungoja. Baadhi ya vyuo, kikiwemo cha Kenyatta, huwapa wanafunzi wahitaji kazi za malipo chuoni, katika maktaba, jikoni au bustanini. Nafasi hizo ni chache na hugombaniwa, ila malipo yake hayadaiwi baadaye.

Ushahidi ukusanywe mapema: kibali cha mazishi, barua ya hospitali, barua ya chifu, taarifa ya karo. Anayeeleza shida kabla ya mtihani husikizwa kwa urahisi kuliko anayeieleza baada ya kuukosa.

Mchango nao haujafa. Umehamia kwenye simu. Wanafunzi wa darasa moja huunda kundi, humteua mweka hazina na kuchapisha orodha ya waliotoa. Fedha hufika jioni hiyo hiyo, jambo ambalo hakuna kamati ya basari iliyowahi kulifanya. Udhaifu wake ni kwamba humsaidia zaidi anayejulikana. Mwanafunzi mkimya, au mgeni wa muhula wa kwanza, aghalabu hapati wa kumwanzishia kundi.

Hapo ndipo mikopo ya simu huwanasa wengi. M-Shwari, ilipozinduliwa Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30: anayekopa Sh4,000 hurudisha Sh4,300. Ni kidogo kwa mwezi mmoja, lakini akikopa upya kila mwezi ili kulipa wa mwezi uliopita, kwa mwaka atakuwa amelipa ada ya asilimia 90, dhidi ya asilimia 4 ya HELB. Hazina ya Hasla, iliyoanzishwa Novemba 2022, ilitoza asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wake wa kibinafsi ulipaswa kulipwa ndani ya siku 14, muda ambao ni mfupi kwa asiye na mapato. Kwa wanaokopa katika programu nyinginezo za simu, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamtaka mkopeshaji awe na leseni, na zinamkataza kumtisha au kumtusi mdaiwa, au kuwapigia watu walio katika orodha ya simu yake ili kumwaibisha.

Njia zote zikishindikana, mwanafunzi ana haki ya kuomba kuahirisha masomo. Wengi huogopa hatua hiyo na badala yake hutoweka tu, chumba kikafungwa na jina likabaki kwenye orodha ya darasa. Tofauti ni kubwa. Aliyeahirisha kwa maandishi huhifadhiwa nafasi yake. Aliyetoweka huweza kuhesabiwa kuwa ameacha chuo na kukuta deni la karo ya muhula ambao hakusoma. Maombi huwasilishwa kwa msajili kupitia idara ya mwanafunzi, mapema kadiri iwezekanavyo, na nakala yenye muhuri ibaki mikononi mwake. Mwenye mkopo wa HELB aijulishe bodi pia, ili fedha za muhula huo zisitumwe chuoni wakati yeye yuko nyumbani.