Nyumba Ndogo, Ploti Kubwa, na Ziwa la Naivasha

Binamu yangu amepata dili Kamere. Nyumba ya mabati, vyumba viwili, iko kwenye kona ya kipande kikubwa cha ardhi kinachoteremka kuelekea ziwani. "Nyumba ni bonasi tu, bro," ananiambia kwa simu. "Angalia hiyo nafasi. Vyumba kumi vya kupangisha vinaingia hapo." Mkopo wa sacco uko tayari.

Hesabu yake si mbaya. Hapa kwetu neno "ploti" lenyewe limehama. Mtu akikuambia anaishi kwa ploti ya fulani, hamaanishi kiwanja. Anamaanisha safu mbili za vyumba vinavyotazamana, bomba moja uani na choo cha pamoja. Ardhi imeshageuka kuwa kodi ya mwisho wa mwezi.

Lakini ardhi ya Naivasha ina historia yake. Reli ilifika hapa 1900. Mkataba wa 1904 ukawaondoa Wamaasai kwenye malisho haya ili walowezi wapate nafasi, na kando ya ziwa kukakatwa mashamba makubwa. Halafu, katika miaka ya 1920 na 1930, maji yakashuka sana. Ziwa likaacha wazi udongo mpya, wenye rutuba. Ni wa nani? Makubaliano ya 1933 yaliwaruhusu wenye mashamba kuutumia udongo huo, kwa sharti kwamba wasijenge majengo ya kudumu. Yaani hata walowezi, waliojichukulia karibu kila kitu, waliambiwa sehemu hii mmeazimwa tu.

Baadaye yakaja maua. Kampuni ya Kidenmaki, Dansk Chrysanthemum Kultur, ilikuwa kati ya zile za kwanza, na mpaka leo mtaa mmoja wa Barabara ya South Lake unaitwa DCK. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ilihitaji mahali pa kulala. Karagita, Kasarani na Kamere zikajaa watu kutoka kila pembe ya Kenya. Aliyekuwa na nyumba ndogo kwenye ploti kubwa alihitaji mabati na misumari tu ili awe landilodi.

Tatizo ni kwamba ziwa halikuondoka moja kwa moja. 2020 lilirudi, na familia nyingi za mtaa wa Kihoto, mjini Naivasha, zikahama. 2025 likarudi tena Kihoto, watu wakatolewa kwa mashua kwenye nyumba zao wenyewe. Nyingi hazikuwa vibanda. Zilikuwa nyumba za mawe, jasho la miaka.

Maji yakiingia, landilodi anapoteza kodi. Mpangaji, mwenye mshahara wa kukata waridi, anapoteza godoro, sare za shule za watoto na kitambulisho. Hiyo haimo kwenye hesabu ya binamu.

Sikumwambia asinunue. Nilimwambia kabla ya kutuma pesa apeleke mpima ardhi anayelipwa na yeye, si na ajenti. Atafute hati kwenye ofisi ya ardhi. Kisha akae na wazee na wavuvi pale ufuo wa Kamere, awanunulie chai, awaulize swali moja: maji yaliwahi kufika wapi?

Amenyamaza kidogo. "Na wakinionyesha ndani ya ploti yangu?"

"Basi, ndugu yangu, hiyo si yako. Ni ya ziwa."