Jina Lilikuwa Kwenye Afishi

Wandugu, sisi wote tunajua ule usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, hata sisi tuliozaliwa zaidi ya miaka 20 nyuma yake. Wazee wametuhadithia mpaka tunadhani tulikuwako: Muhammad Ali na George Foreman katika Stade du 20 Mai pale Kinshasa, watu wanapiga kelele "Ali boma ye". Lakini wachache wanaongea juu ya muziki uliotangulia. Tangu tarehe 22 mpaka 24 Septemba kulikuwa siku 3 za muziki katika uwanja ule ule: Franco, Tabu Ley, James Brown, B.B. King, Miriam Makeba. Ngumi zilipaswa kufuata mara moja, lakini Foreman alichanika juu ya jicho katika mazoezi, na dunia nzima ikangoja wiki 5.

Walioandaa ule muziki walikuwa marafiki wawili: Stewart Levine, Mmarekani, na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika ya Kusini. Ni hapo nilipoanza kuchimba, maana nilijiuliza huyu Masekela alijifunzia wapi kuchanganya muziki na ngumi. Jibu likanipeleka Johannesburg, mwaka 1959. Masekela alikuwa na miaka 19, anapiga tarumbeta katika orkestra ya mchezo mmoja wa kuimba, na Makeba alikuwa mwimbaji wake mkubwa. (Baadaye wawili hao walioana, wakaachana, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Mchezo ule uliitwa King Kong, na katikati ya hadithi yake alikuwa bondia.

Ninauandikia ukurasa huu historia ya mchezo ule sababu ulitungwa na marafiki, kutoka mwanzo kabisa. Hawakuwa na kitabu cha kugeuza wala nyimbo za zamani za kuokota. Na sababu nyingine mtaiona mbele.

Bondia mwenyewe alikuwa mtu wa kweli. Ezekiel Dhlamini, jina lake la ulingoni King Kong, alikuwa bingwa wa uzito wa juu kati ya Weusi. Sheria haikumruhusu kupigana na mzungu, basi wapinzani walimwishia. Siku moja akapigana na mtu wa uzito mdogo kuliko wake, akaangushwa, na mitaa yote ikamcheka. Akaanza kuharibika. Mwisho akamuua mwanamke aliyekuwa mpenzi wake. Mahakamani aliomba yeye mwenyewe anyongwe. Jaji akampa kifungo cha miaka mingi. Mwaka 1957 alikufa maji katika bwawa la gereza, na watu waliamini kwamba alijitupa. Ninaona vibaya kidogo kwamba historia imelinda jina la mwuaji kuliko la yule dada. Ndani ya mchezo alipewa jina Joyce, mwenye baa ya siri, na ndiye Makeba aliyemwimba. Zile baa zilikuwa za siri sababu Mweusi hakuwa na ruhusa kununua pombe ya wazungu. Sheria hiyo ilidumu mpaka miaka ya 60.

Sasa waandishi. Harry Bloom, mwanasheria aliyeandika pia riwaya iliyopigwa marufuku, alichukua hadithi. Pat Williams, mwandishi wa habari, bado kijana, alichukua maneno ya nyimbo. Clive Menell, mtoto wa familia yenye migodi, pamoja na mke wake Irene, walikusanya watu na kutafuta njia. Arthur Goldreich alichora jukwaa. Stanley Glasser alisimamia muziki ukumbini, Leon Gluckman akaongoza wachezaji. Na muziki wenyewe, yaani ile sauti watu walitoka nayo ukumbini wakiiimba njiani, uliandikwa na Todd Matshikiza.

Hesabuni wenyewe. Kati ya hao wote niliotaja, Mweusi ni mmoja. Wengine Weusi walikuwako kazini, tena wakubwa: Mackay Davashe, Kippie Moeketsi na Sol Klaaste walisaidia kupanga muziki wa orkestra, na waimbaji na wapigaji karibu wote walitoka katika mitaa ya Weusi. Lakini pale ambapo mchezo ulikuwa unaamuliwa, Matshikiza alikuwa kama peke yake.

Na hakuwa mtu wa kuokotwa. Alikuwa mwalimu, mpiga piano, mwandishi wa gazeti la Drum. Mwaka 1956 mji wa Johannesburg ulipotimiza miaka 70 ndiye aliyetunga Uxolo, wimbo mkubwa wa kwaya na orkestra. Hata hivyo, wakati wa King Kong alikuwa akipata mkate wake kwa kuuza nyembe za Gillette. Fikirini: mchana unatembeza nyembe, jioni unakaa kwenye piano na kutafuta sauti ya mtu anayezama. Nani kati yetu mwenye diplome kabatini na kazi ya kuuza mega mtaani hamwelewi huyo mtu?

Kufanya kazi pamoja kwenyewe kulikuwa karibu kosa. Siasa ya apartheid iliweka Mweusi upande wake na mzungu upande wake. Mweusi akikutwa usiku mjini bila karatasi alikamatwa. Kwa hiyo kila mazoezi yakichelewa, lazima kufikiri nani atamrudisha nani nyumbani, na kwa karatasi gani. Marafiki wazungu waliandika barua, waliendesha magari, walitafuta ukumbi. Ukumbi ulipatikana katika chuo kikuu cha Witwatersrand, sababu pale watu wa rangi zote waliweza bado kuingia. Tarehe 2 Februari 1959 pazia likafunguliwa. Zaidi ya watu 60 jukwaani, wengi wao hawajawahi kucheza mchezo wa namna hii. Nathan Mdledle wa Manhattan Brothers alikuwa King Kong. Nelson Mandela, ambaye siku zile alikuwa anashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake, alikuwa kati ya watazamaji. Mwaka ule ule serikali ilipitisha sheria ya kufungia Weusi milango ya vyuo vikuu vya wazungu. Yaani walipita mlangoni wakati unafungwa.

Mchezo ulipendwa sana. Ulizunguka nchi, kisha tarehe 23 Februari 1961 ulifunguliwa London, Princes Theatre. Makeba alikuwa amekwisha kwenda Marekani, na Peggy Phango akachukua nafasi yake. Wachezaji wengine walipofika Uingereza hawakurudi tena. Afishi ilisema wazi: hadithi ya Bloom, maneno ya Williams, muziki wa Matshikiza.

Hapa ndipo nilipokwama katika kusoma. Miaka yote nilifikiri kwamba ugomvi kati ya marafiki wanaotunga pamoja ni ugomvi wa jina. Weka jina la kila mtu, gawa makuta sawasawa, kazi imekwisha. Lakini jina la Matshikiza lilikuwa kwenye afishi! Hakuna aliyemwibia. Na bado, katika kitabu chake Chocolates for My Wife kilichotoka mwaka 1961, anaeleza uchungu wa kuona kazi yake inageuzwa mikononi mwake. Alichoandika kwa masikio ya mtaa kilinyooshwa ili kiingie katika masikio ya watu wa viti vya mbele. Alikaa katika mazoezi kama mgeni katika nyumba aliyoijenga. Kile kitabu kinachekesha sana, Matshikiza alikuwa mcheshi, lakini kwenye kurasa hizo kicheko kinakauka.

Mtu atasema: wazungu, tunawajua. Mimi sikubali haraka hivyo. Goldreich, yule aliyechora jukwaa, mwaka 1963 alikamatwa pale Liliesleaf pamoja na viongozi wa mapambano, akatoroka gerezani. Huyo si mtu wa kucheza na apartheid. Pat Williams, karibu miaka 60 nyuma, aliandika kitabu kizima juu ya wakati ule, na mapenzi kwa wenzake yanaonekana. Urafiki ulikuwa wa kweli. Ila ninafikiri mambo yaliamuliwa na yule aliyeweza kufika. Yule mwenye gari, mwenye simu nyumbani, asiyeogopa polisi saa 5 usiku. Hakuna aliyehitaji kuwa mbaya. Sheria za nchi zilikuwa zimekwisha kupanga nani atakuwako mazungumzo yakiendelea.

Najua hivyo sababu nimewahi kuwa yule aliyeweza kufika.

Tulikuwa 4 hapa Lubumbashi, miaka 6 iliyopita, wote chuoni. Tulitunga mchezo wa kuimba juu ya mke wa mchimbaji anayengoja mume wake shimoni. Tulikuwa na kaye moja ya kurasa 100, sinteza moja ya kuazima, na simu ya rafiki yetu mmoja ambaye muziki ulimtoka kama maji. Alikuwa akiimba ndani ya simu akitembea, sababu hakuwa na franga za basi. Sisi wengine tuliketi na kuandika maneno juu ya sauti yake. Wimbo wa mwisho, ule wa mama akiongea na shimo, ulikuwa wa dakika 7. Alisema lazima uchoshe, maana kungoja kunachosha.

Ukumbi mmoja ukakubali kutupokea. Wakatuita mkutanoni, asubuhi, upande mwingine wa mji. Yeye hakuweza kuja. Aliniambia: "Weye njo unajuaka kusema nabo, uende." Nikaenda na shati ya pasi na Kifaransa changu. Waliniomba vitu viwili: wimbo wa mwisho usipite dakika 2, na nusu yake iwe kwa Kifaransa juu ya wageni. Nilikubali. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Niliona aibu kuonekana mtu asiyeweza kuamua.

Kwenye programu niliandika jina lake kwanza, kwa herufi kubwa kuliko letu. Nilijiona mtu wa haki.

Siku ya mchezo alikaa nyuma kabisa. Alipiga makofi. Watu walisimama, wageni walifurahi, picha zilipigwa. Nilimkuta nje nikamuuliza ameona namna gani. Akasema: "Iko muzuri. Lakini haiko yangu tena." Akashika njia kwa miguu. Hatukugombana, na hiyo ndiyo ilikuwa shida, maana mtu ambaye hamjagombana hujui utamwombaje msamaha. Tumeonana mara 2 kwenye msiba tangu siku ile.

Turudi kwa Matshikiza. London aliishi kwa kuandika na kupiga piano, lakini haikumshika vizuri. Mwaka 1964, Zambia ilipopata uhuru wake, alihamia Lusaka, akafanya kazi ya radio, baadaye ya kuhifadhi muziki. Alikuwa karibu na kwao kuliko London, bila uwezo wa kurudi kwao. Akafa kule Lusaka mwaka 1968. Mchezo wake ulijaribiwa tena Afrika ya Kusini mwaka 1979, ukaanguka; mwaka 2017 ukarudishwa jukwaani Cape Town, na safari hii watu walijaa. Yeye alikuwa marehemu tangu miaka 49.

Lusaka si mbali na sisi. Unatoka hapa Lubumbashi asubuhi, unapita Kasumbalesa, unaendelea kusini. Nilipofika kwenye hiyo sehemu ya kifo chake nilifunga kompyuta, sababu rafiki yangu anafanya kazi pale pale Kasumbalesa, deklara kwenye duane, tangu miaka 3. Anapanga karatasi za makamyo ya shaba. Sijui kama bado anaimba ndani ya simu.

Wiki iliyopita nilimtumia haya maandishi mbele ya kuyatuma kwenye ukurasa, nikamwambia akikataa sitayatoa, na akitaka kukata kitu akate. Alikaa siku 4 kimya. Alama mbili za buluu, hakuna neno. Siku ya tano akatuma sauti ya sekunde chache, na makamyo yanaunguruma nyuma yake:

"Usikate kitu. Ile kaye uko nayo?"

Iko. Ukurasa wa 61 mpaka 68 ni ule wimbo, dakika 7 nzima, kwa Kiswahili, mbele ya mimi kuupitia na kalamu nyekundu. Jumamosi nitapanda basi ya Kasumbalesa.