Binti wa Mabopane aliyewafundisha Waingereza dansi yao

Usiku wa tarehe 19 Desemba 2020, Waingereza wakiwa wamejifungia majumbani kwa hofu ya korona, mchekeshaji mwenye upara utosini na nywele ndefu kisogoni alitangazwa bingwa wa Strictly Come Dancing, shindano la dansi la televisheni ya BBC. Bill Bailey alikuwa na miaka 55, na hapajawahi kuwa na bingwa wa umri ule. Aliyekuwa amemshika mkono ni Oti Mabuse, mwanamke wa miaka 30 kutoka Mabopane, kaskazini-magharibi ya Pretoria. Mwaka mmoja kabla alikuwa amelitwaa kombe lile lile akiwa na mwigizaji Kelvin Fletcher. Tangu shindano lianze mwaka 2004, hakuna mcheza dansi wa kulipwa aliyekuwa ameshinda miaka miwili mfululizo.

Ushindi huo nauona kama duara lililofungwa baada ya miaka mia moja, na kuueleza lazima nianzie mbali kidogo.

Dansi ya wawili wawili ilipewa sheria zake London. Mwaka 1920 mji wa pwani wa Blackpool ulianza tamasha lake la mashindano katika ukumbi wa Empress, na mwaka 1924 chama cha walimu, Imperial Society of Teachers of Dancing, kikaunda tawi la dansi za ukumbini. Walimu hao walikaa wakapatana: walzi iende hivi, foksitroti hivi, kisigino kitangulie hapa, vidole pale. Kilichokuwa starehe ya usiku kikawa somo lenye vitabu, mitihani na vyeti.

Somo hilo likasafiri na meli na santuri. Huku kwetu Tanganyika, Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na neno dansi likajitenga na ngoma: ngoma ilikuwa ya uwanjani na ya wengi, dansi ilikuwa ya ukumbini, ya viatu vilivyong'arishwa, mume na mke wameshikana. Lakini sheria za London hazikukaa sana. Santuri za Kuba zenye alama ya GV zilipoanza kuingia kuanzia mwaka 1933, rumba ikashika njia yake, ikaoga Kongo, ikarudi kwetu na magitaa. Ndiyo maana Mtanzania anayetazama rumba ya mashindano kwa mara ya kwanza hubaki anashangaa. Ni polepole, ya huzuni, miguu imenyooka na nyonga ndiyo inayosema. Ile si rumba yetu, ingawa zote zina bibi mmoja.

Waafrika Kusini weusi walifanya tofauti: sheria wakazishika. Johannesburg, Bantu Men's Social Centre kilifunguliwa mwaka 1924 na dansi zikachezwa humo na watu waliovaa kama waendao harusini. Wapo wanaoiita hali hiyo kuiga wazungu. Mimi sikubali. Katika nchi ambayo Mwafrika alipimwa kwa mizani iliyokwisha kupindwa, kitabu cha hatua za dansi kilikuwa mzani ulionyooka. Kwikistepu ya mfua nguo wa kitongoji cha Orlando ilipimwa kwa kanuni zile zile za kwikistepu ya mke wa gavana. Kitabu hakikuwa na rangi. Ukumbi ndio uliokuwa nayo. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma iliwafungia watu weusi milango ya kumbi nzuri, na mashindano yakagawanywa. Wakaendelea kucheza katika kumbi za shule na makanisa ya vitongojini.

Mabopane yenyewe iliwekwa ndani ya Bophuthatswana, mojawapo ya nchi bandia ambazo Makaburu walizipa uhuru ambao dunia haikuutambua. Oti alizaliwa tarehe 8 Agosti 1990, miezi sita baada ya Mandela kutoka gerezani. Baba yake, Peter, ni mwanasheria. Mama yake, Dudu, ndiye aliyeendesha dansi ya watoto, na binti zake walikulia humo. Motsi, aliyezaliwa mwaka 1981, alisoma sheria kisha akaiacha na kwenda Ujerumani kucheza. Oti alisomea uhandisi wa ujenzi, akawa bingwa wa Afrika Kusini wa dansi za Kilatini mara nane, halafu naye akamfuata dada yake Ujerumani. Wazazi wengi wa Kiafrika wataelewa uzito wa sentensi hiyo: binti wawili, sheria na uhandisi, wote wakachagua viatu vya dansi.

Mwaka 2015 Oti alionekana katika Let's Dance, shindano la dansi la televisheni ya Ujerumani, akiwa na mwimbaji Daniel Küblböck, na mwaka huo huo BBC ikamchukua.

Hapa yafaa nieleze kazi yenyewe, maana watazamaji wengi hudhani mtaalamu huajiriwa ili acheze. Huajiriwa ili afundishe. Hupewa mtu maarufu ambaye hakumchagua: mwanariadha, mwigizaji, mtangazaji, pengine mtu asiyejua mguu wa kushoto na wa kulia. Wana wiki chache za maandalizi, kisha kila Jumamosi lazima wawe na dansi mpya, dakika moja na nusu hivi, mbele ya mamilioni. Mtaalamu ndiye anayebuni hatua, ndiye anayezikataa hatua zisizomfaa mwanafunzi wake, na ndiye anayetabasamu mwenzake akisahau. Waamuzi wanne hutoa alama hadi kumi kila mmoja, kura za watazamaji huongezwa, na jozi mbili za mwisho hucheza tena ili moja iende nyumbani. Jumatatu asubuhi mazoezi yanaanza upya.

Mwaka wa kwanza Oti alipewa bondia Anthony Ogogo, mshindi wa shaba ya Olimpiki ya 2012, nao wakatoka mapema. Mwaka 2016 akapewa mwigizaji Danny Mac, na samba yao ikapata 40 kwa 40, jambo ambalo samba haikuwahi kupata katika shindano hilo. Samba ni ngumu kuliko inavyoonekana. Magoti hudunda, kiuno huzunguka, na wachezaji husafiri ukumbi mzima badala ya kusimama mahali pamoja. Mwanafunzi akichelewa hata kidogo, mdundo unamkimbia. Walifika fainali wakashindwa na Ore Oduba.

Lakini wa kukumbukwa zaidi kwangu ni Jonnie Peacock wa mwaka 2017. Ni bingwa wa Paralimpiki wa mita 100, London 2012 na Rio 2016, na mguu wake wa kulia ni wa bandia kuanzia chini ya goti. Vitabu vya London viliandikwa kwa watu wenye nyayo mbili. Kuinuka na kushuka kwa walzi hutegemea kifundo cha mguu, na kifundo hicho Peacock hakuwa nacho upande mmoja. Mwalimu ilimbidi afumue kila hatua, aulize imekusudiwa kufanya nini, kisha atafute njia nyingine ya kufika pale pale. Hawakushinda. Hata hivyo, anayetaka kujua mabingwa wa 2019 na 2020 walitoka wapi, naona aanzie hapo.

Kelvin Fletcher hakuwa hata katika orodha ya mwaka 2019. Mshiriki mmoja, Jamie Laing, aliumia mguu kabla shindano halijashika kasi, Fletcher akaitwa dakika za mwisho. Wiki ya kwanza yeye na Oti walicheza samba wakapata alama 32 na kuongoza jedwali. Walibaki katika mbio hizo hadi Desemba, wakashinda. Laing alipona akarudi mwaka uliofuata, akafika fainali, akamkuta huko Oti tena, safari hii na Bailey.

Na Bailey hakuwa na mwili wa Fletcher. Mwalimu mwingine angemfanya kichekesho, maana watazamaji walimjua kwa hilo na wangecheka kwa hiari. Oti alimfundisha sawasawa. Walicheza mtindo wa mitaani kwa wimbo wa Rapper's Delight, na watu wakaona mzee wa miaka 55 anayejua kila mguu wake ulipo. Ucheshi wake ulibaki, ila ulikaa juu ya hatua zilizokamilika.

Kuna jambo lililomfuata Oti miaka yote miwili. Mwaka 2019 Motsi aliingia kwenye meza ya waamuzi akichukua nafasi ya Darcey Bussell, baada ya kuwa mwamuzi Ujerumani tangu 2011. Dada anampima mdogo wake, maneno hayakukosekana. Ila katika fainali ya Strictly alama za waamuzi ni za kuwaongoza watazamaji tu, na kura za wananchi pekee ndizo zinazoamua. Makombe yote mawili alipewa na watu walioshika simu sebuleni.

Februari 2022 Oti alitangaza kuondoka. Alibaki Mwafrika Kusini mwingine, Johannes Radebe wa Zamdela, Sasolburg, aliyekuwemo tangu 2018 na ambaye mwaka 2021 alicheza na John Whaite, jozi ya kwanza ya wanaume wawili katika shindano hilo, wakafika fainali. Oti alikuwa tayari ameketi kwenye meza ya waamuzi ya Dancing on Ice, shindano la kucheza juu ya barafu. Na mwaka huo huo wa 2022 BBC ikaonyesha filamu ya Oti Mabuse: My South Africa, akiwa amerudi kwao kuwauliza wakubwa wake jinsi dansi ilivyochezwa vitongojini wakati milango ya kumbi ilikuwa imefungwa.