Fromaje ya Masisi na tomati ya Lubero

Wasikilizaji wa Butembo na Beni, nanyi ndugu mliohama kwa vita, saladi hii ni rahisi: kata tomati zilizoiva na kitunguu, tia chumvi na ndimu, weka vipande vya fromaje juu. Lakini vitu hivyo vimetoka mbali.

Tomati asili yake ni Amerika. Ilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Leo inalimwa hata Lubero. Ufundi wa fromaje uliletwa Masisi na mapadri kutoka Ulaya, wafugaji wakaushika. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza ng'ombe wengi, nao wakaanza upya.

Mwezi wa sita 2024, M23 waliteka Kanyabayonga, kwenye barabara ya kitaifa namba 2 kati ya Goma na Butembo. Fromaje ikapata shida kutufikia.

Wafugaji wengi wamekimbia bila ng'ombe, ila kazi wanaijua: kupasha maziwa moto, kuyagandisha, kuyakamua maji, kutia chumvi, kungoja majuma. Mzee unayeijua, wafundishe vijana huko mlikohamia. Vita vikiisha, wataanzia wapi wasipofundishwa?